Nilivyofuta data za kompyuta tano kuukuu kabla ya kuzigawa

Nilikuwa na kompyuta tano ambazo sikuzitumia tena, tatu za mezani zenye diski ngumu za sahani zinazozunguka na mbili za mpakato zenye diski za SSD, yaani zinazohifadhi data kwenye chipu bila sehemu inayozunguka, na nilitaka kuwapa wanafunzi waliozihitaji. Ndani yake mlikuwa na picha za familia, hati zangu za kodi na, zaidi ya hayo, hesabu za wateja niliowafanyia kazi kwa miaka kadhaa. Siri zangu ningeweza kuamua mwenyewe namna ya kuzihatarisha, lakini za wateja hao sikuwa na ruhusa ya kuzichezea, na hilo ndilo lililonifanya niifanye kazi hii polepole.

Kwanza nilihamishia kila nilichokihitaji kwenye diski ya akiba, nikafungua mafaili kadhaa kuhakikisha kuwa yanasomeka, kisha nikaichomoa diski hiyo na kuiweka chumba kingine, kwa kuwa programu ya kufuta haitambui diski ipi ni ya thamani.

Kabla ya kufuta chochote kwa njia ya uhakika nilitaka kuona kwa macho yangu njia ya kawaida inaacha nini. Katika kompyuta ya kwanza nilifuta mafaili yote, nikamwaga pipa la taka, nikafomati diski kwa njia ya haraka, kisha nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyopotea. Picha zilirudi kwa mamia, na pamoja nazo zikarudi hati za mteja mmoja zikiwa na jina lake na namba ya akaunti yake. Sababu yake ni kwamba kufuta faili kwa kawaida huondoa tu maelezo ya mahali lilipo, na kufomati kwa haraka huandika upya jedwali la diski bila kugusa sehemu kubwa ya yaliyomo. PhotoRec hailihitaji jedwali hilo. Hupekua diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo.

Wala si mimi peke yangu niliyeona hali hiyo. Watafiti wa kompyuta Simson Garfinkel na Abhi Shelat walichapisha mwaka 2003 matokeo ya uchunguzi wa diski 158 zilizokwisha tumika walizozinunua. 129 kati yake zilikuwa zinafanya kazi, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo.

Kwa diski ngumu dawa ni kuandika data nyingine juu ya ile ya zamani, mwanzo wa diski hadi mwisho. Nilitumia ShredOS, mfumo mdogo unaowashwa kutoka kwenye flashi ukiwa na programu ya nwipe ndani yake, na kila mara nililinganisha namba ya diski iliyoonekana kwenye skrini na ile iliyochapwa kwenye lebo yake kabla ya kuruhusu kazi ianze. Wengi bado wanaamini kwamba ni lazima kuandika mara 35, desturi iliyotokana na makala ya mtafiti wa usalama wa kompyuta Peter Gutmann ya mwaka 1996, ingawa yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna diski hata moja inayohitaji mizunguko hiyo yote. Mimi nilizungusha mara moja kwa sufuri, kisha nikaiacha programu isome diski yote kuthibitisha. Diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 70 kwa sekunde huchukua takriban saa mbili, na kuisoma huchukua nyingine mbili.

Diski ya tatu ilikuwa na sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data vilivyoharibika, ambazo ilikwisha kuzitenga. Sekta za namna hiyo haziandikwi upya na programu ya kawaida, na zinaweza kubaki na vipande vya data, kwa hiyo niliitoa, nikaitoboa sahani zake kwa drili, na kompyuta yake nikaiwekea diski nyingine.

SSD ndizo zilizonipa kazi zaidi. Diski ya aina hii husambaza maandishi kwenye seli zake ili zisichakae upande mmoja, tena huwa na akiba ya nafasi ambayo mfumo endeshi hauioni, kwa hiyo kuandika juu ya faili hakuhakikishi kwamba seli za zamani zimeguswa. Inayofaa ni amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba amri hiyo haikutekelezwa vizuri na kila diski, na moja iliripoti kuwa imefuta ilhali data yote ilikuwa bado imo. Kwa sababu hiyo nilisimba kwanza kila SSD yote, yaani niligeuza data yake isisomeke bila ufunguo, kwa nenosiri refu ambalo sikulihifadhi popote, ndipo nikatoa amri ya kufuta. Mojawapo ilikataa kwa kuwa ilikuwa imefungwa isipokee amri hiyo tangu kompyuta ilipowaka. Niliilaza kompyuta usingizi, nikaiamsha, amri ikakubaliwa na ikamalizika kwa dakika chache.

Mwisho niliendesha PhotoRec tena kwenye diski zote nne zilizofutwa. Haikupata faili hata moja. Niliweka mfumo endeshi mpya, nikaziondoa kompyuta hizo kwenye akaunti zangu za mtandaoni, nikabandika kwenye kila moja karatasi yenye tarehe, njia niliyoitumia na namba ya diski, nikazikabidhi.