Mvinyo Uliokuwa Bado Unatoa Mapovu

Usiku ule wachezaji wangu walipofichua usaliti wa liwali kwa kuonja mvinyo wake, barua niliyoiandika ili iwafunulie siri hiyo hiyo ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari langu, na hakuna aliyeisoma mpaka leo.

Nilikuwa msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule ambao watu huketi kuizunguka meza, kila mmoja akaeleza mhusika wake anasema na kutenda nini, na dadu zikaamua pale penye shaka. Michezo ya aina hii imekuwapo tangu mwaka 1974, Dungeons & Dragons ilipochapishwa nchini Marekani, na bado visa vingi huanzia kwenye nyumba ya wageni, mahali ambapo mgeni aliyechoka huagiza kitu cha kunywa kabla hajauliza habari za joka. Ndiyo maana nilikerwa na vinywaji vya kubuni vyenye majina makubwa, Damu ya Joka na wenzake, ambavyo ukiuliza vina ladha gani unaambiwa tu kwamba ni vikali. Katika ulimwengu wangu nilijiwekea sharti kwamba kabla ya kutaja ladha ya pombe yoyote ni lazima nijue sukari yake imetoka wapi, kwa kuwa chachu hula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi inayofanya mapovu, na pasipo sukari hakuna pombe. Uchawi niliuruhusu vitani. Kwenye mtungi wa pombe niliupiga marufuku.

Sharti hilo lilizaa mambo ambayo nisingeyafikiria kwa kukaa tu na kutunga sifa. Wafugaji wa nyanda za barafu hawakuwa na nafaka wala matunda, ila walikuwa na farasi, na maziwa ya farasi jike yana sukari nyingi kuliko ya ng'ombe, hivyo yakitiwa ndani ya kiriba na kupigwapigwa huchachuka yakawa kinywaji chepesi. Hilo sikulibuni mimi. William wa Rubruck, mtawa aliyefunga safari kwenda kwa Wamongolia mwaka 1253, aliandika kwamba kinywaji hicho huuma ulimi wakati wa kukinywa, na kikishashuka huacha ladha ya maziwa ya lozi. Mimi niliongeza baridi. Kiriba kikilazwa nje usiku, maji ndiyo hutangulia kuganda, kwani kileo kitupu hakigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri. Basi alfajiri wazee huitoa barafu na kuitupa, wakabaki na vikombe vichache vya kitu chenye uchachu mkali, kizito kidogo ulimini, ambacho hunywewa kwa kupokezana bila maneno mengi.

Watu wa mapangoni walinisumbua zaidi, kwa sababu pasipo jua hakuna shayiri. Niliwapa mizizi yenye wanga, lakini wanga si sukari, na chachu haiwezi kuula mpaka kitu kingine kiuvunje kwanza. Watengenezaji wa bia huotesha nafaka ikawa kimea, wenyeji wa milima ya Andes walitafuna mahindi ili mate yafanye kazi hiyo, na Wajapani huotesha ukungu juu ya mchele wanapotengeneza sake. Ukungu ulifaa gizani. Pombe ya mapangoni ikawa ya rangi ya kijivu, yenye harufu ya uyoga na mwamba uliolowa, kavu kabisa, na mwishoni ikaacha chumvichumvi kwenye pembe za mdomo. Mpishi wake alirithi mwiko wa mbao ambao ilikuwa mwiko kuuosha, na watu wake waliamini kwamba roho ya pombe huishi humo. Hawakuwa mbali sana na ukweli, maana chachu hujificha vizuri kwenye nyufa za mbao.

Miongoni mwa wachezaji wangu alikuwapo mwanamke mmoja ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na kwa hakika yeye ndiye aliyenifundisha kuieleza. Neno "kali" halikumwambia chochote. Alitaka kujua kitu kinafanya nini mdomoni kikifika, kinafanya nini kooni, na nini kinabaki baada ya kumeza. Nikazoea kueleza kila kinywaji kwa mpangilio huo, na wengine mezani wakazoea kusikiliza.

Katika kisa cha usiku ule, wahusika walikuwa wameingia kwa hila ndani ya mji uliozingirwa na adui tangu vuli, na sasa ilikuwa karibu na kiangazi. Nafaka yote ilikuwa ya mkate, kwa hiyo bia haikuwapo. Nyumba za wageni ziliuza maji ya maganda ya mkate mkavu yaliyochachushwa, membamba, yenye harufu ya ukoko. Walialikwa kwa liwali. Nilitaka tu karamu yake ionekane ya kifahari, nikasema kwamba alimiminia wageni mvinyo wa asali, wa rangi ya dhahabu yenye ukungukungu, unaochoma ulimi kwa mapovu madogo, wenye utamu uliobaki mdomoni pamoja na harufu ya maua.

Yule mwanamke akaniuliza, "Bado unatoa mapovu?"

Nikajibu kwamba ndiyo, kidogo.

"Basi chachu haijamaliza kazi yake. Mvinyo huu ni mchanga."

Mwenzake alipinga mara moja, tena kwa hoja nzuri: asali haiozi, maji yake ni machache mno kwa chachu kuishi humo, hivyo liwali angeweza kuwa na akiba ya miaka mitano na kuitia maji juzi. Palitokea ubishi ambao sikuuingilia. Kisha yule mwanamke akatukumbusha hospitali ya mji, tuliyoipitia mapema jioni ile, ambako tabibu aliwaambia kwamba anafunga vidonda kwa vitambaa vya siki kwa kuwa asali yote ya mji, pamoja na ile ya liwali, ilikwisha kutwaliwa kwa ajili ya majeruhi tangu majira ya baridi, nayo ikaisha. Maneno hayo nilikuwa nimeyatia ili kuonyesha dhiki, basi. Lakini yakiwekwa kando ya kikombe kile, yalimaanisha kwamba asali mpya ilikuwa ikiingia mjini, na kwamba hakuna mwingine wa kuileta isipokuwa walioshika malango yote kwa nje.

Hawakugusa dawati la liwali lenye barua. Walimfuata mtunza stoo wake hadi kwenye pishi, wakasogeza mapipa, wakaukuta mlango wa njia ya chini kwa chini mahali pale pale nilipouchora, isipokuwa walifika huko mapema kuliko nilivyopanga, nami sikuwa nimeandaa walinzi wa kutosha upande wa pili.

Tulipokutana tena, kabla dadu hazijatolewa, mmoja wao alitaka kujua mji ule ulikuwa ukipata wapi chumvi.