Bwawa Lililokuwa "Likinywa" Dawa

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabwawa ya kuogelea huko Nyali, Mombasa, na shule zikifungwa mimi ndiye niliyembebea kisanduku cha vipimo. Katika nyumba moja mtunza bustani alitupokea langoni akilalamika kwamba bwawa lao linakunywa dawa. Kila akipima klorini anapata sifuri, kila akipata sifuri anamwaga kopo jingine la unga wa klorini, na kesho yake sifuri tena. Alasiri hiyo watoto wa jamaa walikuwa wanakuja kuogelea.

Mjomba hakuchota juu juu. Alikwenda mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio, akasuuza kichupa kwa maji yaleyale ya bwawa, akakifudikiza na kuzamisha mkono hadi kiwiko, ndipo akakigeuza kijae. Maji ya juu yamepigwa na jua, aliniambia, hayatoi habari za bwawa zima. Kidonge cha DPD, kile kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, alikitoa kwenye karatasi yake bila kukigusa kwa vidole, akakivunja ndani ya maji.

"Tazama sasa, mjomba, usipepese."

Rangi ya waridi iliyokoza ikachipuka, na papo hapo ikafutika. Maji yakabaki meupe kabisa. Aliyegeuka kidogo kutafuta chati angeapa kwamba hamna klorini hata chembe. Kichupa cha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, nacho kilinistaajabisha: fenoli redi, rangi ya kupimia pH, hutoka manjano kwenda nyekundu, lakini hii ilikuwa zambarau, rangi ambayo haikuwepo kwenye chati.

Mama mwenye nyumba akatoka barazani. "Fundi, si uongeze tu? Wageni wako njiani."

"Hapana, mama. Dawa imezidi hadi inafuta rangi ya kipimo. Nikiongeza, nitawaumiza watoto macho."

Nilitumwa kituo cha petroli nikanunue maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Kwa bomba la sindano Mjomba akapima mililita 1 ya maji ya bwawa na mililita 9 za yale ya betri, akatia kidonge kipya. Safari hii waridi halikuondoka. Tulilisoma kivulini, mbele ya ukuta mweupe: 3. Zidisha mara kumi, ni miligramu 30 kwa lita, na bwawa la nyumbani hutosheka na 1 hadi 3.

Tangu siku ile naamini hakuna jibu la hatari katika kazi hii kuliko sifuri, kwa sababu linamsukuma mtu kumwaga dawa. Mtunza bustani yule alikuwa mwaminifu na mwenye bidii, na bidii yake ndiyo iliyokuwa ikilijaza bwawa.

Watoto walicheza bustanini. Bwawa likaachwa wazi ili jua lipunguze klorini, na Mjomba akakataa kugusa pH mpaka klorini ishuke, maana zambarau ile ilikuwa klorini inayoivuruga fenoli redi. Tuliporudi, maji yalipimwa bila kuchanganywa, na waridi likatulia kwenye 2. pH ikasomeka 7.4. Kisha Mjomba akamkabidhi mtunza bustani kichupa, achote na apime mwenyewe tangu mwanzo. Majibu yake na ya Mjomba yakalingana.