Siku moja maishani mwangu: kwenye mnada wa mifugo Pushkar, India

Saa 11 alfajiri. Baridi ya jimbo la Rajasthan mwezi Novemba haina mzaha, na mimi mtoto wa Marsabit nimejifunga shuka mbili. Wachungaji wanakoka moto kwa mavi makavu ya ngamia, chai ya maziwa inachemka. Nasomea udaktari wa mifugo mjini Bikaner. Msimu huu nasaidia kwenye hema la matibabu.

Kengele za mahekalu zinasikika kutoka mjini. Leo ni Ekadashi, siku ya kumi na moja ya nusu hii ya mwezi wa Kartik katika kalenda ya Kihindu. Kuanzia leo hadi mwezi mpevu mahujaji watashuka ngazi za ghati 52, yaani vishukio vya kando ya maji, kuoga ziwani, mahali ambapo waumini husema petali ya yungiyungi ilidondoka kutoka mkononi mwa mungu Brahma. Wenye mifugo walitangulia, na wengi wataondoka kabla kilele cha ibada hakijafika.

Saa 2. Mgonjwa wa kwanza ana upele. Manyoya yamepukutika shingoni na kwapani, ngozi imekakamaa kama gome la mgunga. Mwenyewe ni mzee wa Kiraika, jamii ya wafugaji wa ngamia, kilemba chekundu, masharubu yamesokotwa.

“Ram Ram sa,” namwamkia. Namdunga ngamia ivamektini, dawa ya vimelea, huku mzee ameshika kamba ya pua.

“Mwanangu, kwenu ngamia mnawafanyia nini?”

“Tunakunywa maziwa, mzee. Tunawabebesha mizigo.”

La nyama nikalimeza. Mji huu hata yai haliuzwi, na Waraika husimulia kwamba mungu Shiva aliwaumba wawe walinzi wa ngamia. Utaanzia wapi?

Saa 5. Mnunuzi anafika, anapandisha mdomo wa ngamia mwingine wa mzee, anahesabu meno ya mbele ajue umri, anapapasa nundu. Anataja bei. Mzee anacheka, ila si kwa furaha. Mnunuzi huyoo, anaelekea kwa farasi.

Huko ndiko pesa iliko siku hizi: farasi wa Marwari, masikio yamejipinda hadi ncha zinakaribia kugusana, na umati umewazunguka wenye simu juu. Ngamia wamebaki wa kupigwa picha. Trekta na pikapu zimewanyang'anya kazi. Halafu sheria ya 2015 ikapiga marufuku kuwachinja na kubana kuwatoa nje ya jimbo. Nia njema, sikatai, lakini soko la madume lilikufa, na mfugaji asiyeuza dume atalisha majike kwa nini? Sensa ya 2012 ilikuta ngamia kama 326,000 Rajasthan. Ya 2019, kama 213,000.

Saa 8 hadi 11 ni kwato, minyoo, macho yenye vumbi. Kazi ya kawaida.

Saa 1 usiku. Mzee hajauza. Kesho atashusha bei mara moja tu, anasema, ikishindikana anarudi nao kwa miguu. Daktari wetu amemwandikia sindano ya pili ya wiki mbili zijazo, maana upele wa ngamia hauishi kwa moja. Mzee ameuliza bei yake kwanza.