Mama alibaki chumbani kwake

Mama aliishi miaka minne katika makao ya wazee, upande wa waliopoteza kumbukumbu. Mwaka wa mwisho nimonia ilimpeleka hospitali mara tatu, na kila mara alirudi amepungua: hakitambui kitanda chake, analia usiku kucha. Mara ya tatu nilimuuliza daktari swali nililokuwa nalikwepa, kama nimonia hii itakoma. Akaniambia koo limesahau kumeza, chakula na mate vinaingia mapafuni, na mpira wa kulishia haungezuia hilo wala kumwongezea siku.

Kaka yangu alilia, akasema tunamuua mama kwa njaa. Tulibishana siku mbili. Aliyemtuliza ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, alipomwonyesha namna ya kumlisha: mama aketi wima, kijiko cha chai kimoja kimoja, na akifumba mdomo, basi.

Tukaandika kwamba asirudishwe hospitali ila kwa maumivu yaliyoshindikana pale au mfupa uliovunjika, na moyo ukisimama usishtuliwe ili upige tena. Daktari akatia saini. Nilikwenda mwenyewe kuisoma karatasi hiyo na wahudumu wa kila zamu, hasa wa usiku, maana usiku ndipo hofu huita gari la wagonjwa.

Lililonitesa zaidi ni maumivu. Mama hakuweza tena kusema "naumwa". Muuguzi alinifundisha kutazama mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila moja lina alama 0 hadi 2. Wakati wa kuogeshwa, pale alipokuwa akiitwa mkorofi, mama alipata 7 kati ya 10! Miezi mingapi tulimwona mgomvi, kumbe nyonga inamuuma? Akaanza kupewa dawa kabla ya kuoga, na hakumpiga mtu tena.

Siku nne za mwisho hakula. Tulimgeuza kila saa mbili, tukamlowesha midomo kwa sifongo. Koo lilipoanza kukoroma tulimlaza ubavu. Pumzi zilipomwia nzito alipewa mofini kidogo chini ya ulimi.

Mhudumu mmoja, aliyemwogesha miaka yote minne, alimaliza zamu yake akakataa kuondoka. Yeye ndiye aliyejua kwamba mama hutulia akikunwa utosini. Mimi mwanawe sikujua. Alfajiri pumzi zilikatika, zikarudi, zikakatika. Mkono wake ulikuwa bado kichwani mwa mama.