Vidole viwili, lakini vya nani?

Dada mmoja wa Bunju, amenunua farasi wake wa kwanza juzi juzi tu, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Farasi anafungua mdomo, anarusha kichwa, na wakifika ufukweni anaondoka shoti mpaka atakapochoka mwenyewe. Baada ya maelezo yote hayo, swali likaja fupi: "Kaka, nozibendi ipi inashika zaidi?"

Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Ni heri niandike, maana jibu linamhusu farasi mmoja anaitwa Kashata, na kwenye habari ya Kashata sina sifa nzuri.

Kwanza tuelewane maneno. Sisi tuliozaliwa miaka ya sabini hatamu tuliisikia redioni kabla ya kuiona: chama kushika hatamu, asubuhi na jioni. Ila ukimpa mtu hatamu yenyewe mkononi, lile rundo la mikanda, hajui juu wala chini. Nami sikujua. Nimekulia Kondoa na punda, na punda wa kwetu alivaa kamba basi. Nilipopata kazi ya usaisi Kigamboni, siku ya kwanza nilimvalisha farasi hatamu kichwa chini miguu juu, mkanda wa koo ukapita mdomoni. Mzee aliyekuwa ananifundisha, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Kwa hiyo, hatamu ni mikanda yote ya kichwani. Lijamu ni chuma cha mdomoni. Vigwe ndivyo unavyoshika ukiwa juu. Nozibendi ni mkanda unaozunguka pua, na hauna kazi ya kubeba lijamu hata kidogo. Ukiuvua, kila kitu kinabaki mahali pake. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nijiulize zamani sana kwamba huu mkanda upo kwa ajili gani. Sikujiuliza.

Kashata alitoka Nairobi, mstaafu wa mbio za Ngong, rangi yake kama kashata ya nazi iliyoungua kidogo. Farasi wa mbio kazoeshwa kinyume cha tunavyotaka sisi: akihisi lijamu linavutwa, analiegemea na kuongeza mwendo. Mchukue huyo, mpeleke Mjimwema maji yamekupwa, mchanga umekaza kama lami, upepo wa kusi unampuliza mkiani, halafu mgongoni umweke mgeni anayejishikilia kwa vigwe. Wiki ya pili alimkimbiza mteja mmoja mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi. Hakuna aliyeumia. Bosi akaniita pembeni akasema, "Huyo mfunge mdomo."

Nikamfunga. Nilitumia ile aina yenye kimkanda cha pili chembamba kinachopita chini, mbele ya lijamu, zizini tunaiita fleshi. Nikaanza tundu la tatu, nikaenda la nne. Matundu yalipoisha nikapeleka kwa fundi viatu wangu pale Feri, akanitobolea mengine mawili. Na ilifanya kazi, sitawadanganya. Mdomo ulifungika. Picha za wageni zikawa nzuri, watu wakipita wanasema farasi wako mtulivu. Kwa miezi mitatu nilijiona fundi.

Kilichonishtua ni majani. Asubuhi moja nafagia banda nikakuta matonge ya majani chini, yametafunwa nusu, yamelowa mate, yameviringika kama mtu kayafinyanga. Siku ya pili tena. Daktari wa mifugo alipokuja alimchoma sindano ya kumtuliza, akampanua mdomo kwa chuma maalumu, akaniambia niingize mkono nipapase magego ya juu upande wa nje. Niliutoa mbio. Ukingo ulikuwa kama kifuniko cha kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu. Akamulika tochi. Ndani ya shavu, sawia kabisa na pale mkanda wangu ulipopita kwa nje, palikuwa na kidonda kirefu kama njiti ya kiberiti, kingo zake nyeupe.

Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, naye anasaga chakula kwa kwenda pembeni. Magego ya juu yanabaki na ukingo mkali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Ni hali ya kawaida kwa farasi, ndiyo maana meno yao huangaliwa na kupigwa tupa angalau mara moja kwa mwaka. Sasa ukikaza mkanda wa pua, unasukuma shavu kwenye ule ukingo. Kashata alikuwa anafungua mdomo ili shavu lipate nafasi. Alikuwa ananieleza kila siku, nami nikaenda kutoboa matundu.

Baada ya hapo nilisoma sana, usiku, kwenye simu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, walichapisha vipimo vya farasi 750 wa mashindano huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Asilimia 44 walikuwa wamekazwa kiasi kwamba hata kidole kimoja hakina pa kupita kati ya mkanda na pua. Wenye nafasi ya vidole viwili, kanuni ambayo kila kitabu kinaitaja, walikuwa asilimia 7. Kwa hiyo sikuwa peke yangu, ila haikunifariji. Utafiti mwingine, wa Australia mwaka 2016, ulikuta kwamba farasi waliokazwa mpaka mwisho mapigo ya moyo yalipanda na kutafuna kukakaribia kukoma. Walipofunguliwa wakaanza kumeza na kupiga miayo kama waliokuwa wanasubiri ruhusa. Miayo ile naijua. Kashata alikuwa akipiga saba, nane, kila nikimvua hatamu. Nilidhani ana usingizi.

Msinielewe vibaya mkaenda kutupa mikanda jalalani. Wadenmark mwaka 2019 waliangalia farasi zaidi ya 3,000 wa mashindano, wakakuta vidonda vya pembeni mwa mdomo ni vingi zaidi kwa waliokazwa kuliko waliolegezwa, lakini wasiovaa mkanda wa pua kabisa nao walikuwa na vidonda vingi kuliko wanaovaa. Kwa macho yangu mkanda uliolegea unasaidia lijamu lisichezecheze hovyo, hasa mpandaji akiwa na mikono mizito. Na wapandaji wangu wa Jumamosi, nawapenda, ila mikono yao!

Sasa hivyo vidole viwili. Vya nani? Vyangu vimebeba magunia ya pumba miaka kumi na zaidi. Viwili vyangu ni vitatu vya binti wa sekondari. Tena watu wengi wanaingiza vidole pembeni, kwenye nyama ya shavu, ambako hata mkanda uliobana utapokea kidole. Pima juu, katikati ya mfupa wa pua, mahali pagumu pasipodanganya. Mwaka 2025 FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, walianza kutumia kipimo chao rasmi kinachopita hapo hapo, nafasi ikiwa sentimita 1.5. Mimi cha kwao sina. Nilikwenda Keko kwa seremala, nikamchorea kabari ya mninga yenye unene huo, iliyochongoka mbele na kupigwa msasa vizuri. Akaniuliza ni ya kuzuia mlango? Nikamwambia ni ya pua ya farasi. Akanitazama, akaongeza elfu moja.

Dada, swali lako la aina silikwepi. Mkanda wa kawaida, mmoja, mpana, uliokaa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, ndio ninaoanza nao kwa kila farasi, na wengi hawajawahi kuhitaji kingine. Fleshi nimeiuza; kile kimkanda cha chini kinavuta cha juu kishuke, kwa hiyo mtu anakaza cha juu ili kisishuke, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Kuna ule unaofungwa chini ya lijamu. Huo ukishuka kidogo tu unakaa kwenye nyama laini juu ya tundu za pua, na farasi hana njia nyingine ya kupumua, hawezi kuhemea mdomoni kama mbwa. Joto letu la Februari unalijua. Mtu akiusisitiza, uwe vidole vinne juu ya tundu za pua na ulalie mfupa.

Grackle, unaopishana kama namba nane, umechukua jina la farasi aliyeshinda Grand National ya Uingereza mwaka 1931. Kwa farasi mwenye nguvu anayepindisha taya nimeuona ukisaidia, ukiachwa na nafasi. Ninaouogopa ni ule wa kukaza kwa kurudisha mkanda mara mbili kwenye chuma, kama kapi: mkono wa mtoto unaweza kubana kuliko wangu, na hausikii kitu. Hatamu ya Micklem, iliyopangwa kukwepa mishipa ya uso na magego, nimeivalisha farasi wawili, wote wakaipenda. Bei yake inaumiza kichwa changu badala ya chao. Na usidhani hatamu isiyo na lijamu ni huruma moja kwa moja. Ile yenye vyuma virefu pembeni inabana pua na kidevu kwa nguvu ya wenzo, na mkono mbaya unaumiza nayo vilevile.

Jambo linalosahaulika ni kisogo. Tunabishana pua, pua, kumbe mkanda wa paji ni mfupi na unavuta hatamu nzima kwenye mashina ya masikio. Pitisha kidole nyuma ya sikio. Ukikuta ngozi imekunjana au manyoya yamekatika, umepata sababu ya kurusha kichwa bila kumgusa mdomo. Nilimrekebisha farasi mmoja wa jirani kwa mkanda wa paji mrefu kuliko wake, dakika tano, na mwenyewe mpaka leo anadhani nilimsomea kitu.

Breki je? Kashata alipigwa tupa, akapumzika mpaka shavu likapona, kisha nikamrudisha kwa wiki sita za kutembea tu, vigwe virefu, ndani ya uzio. Nilimfundisha kusimama kwa sauti na kwa uzito wangu, tena na tena, mpaka nikisema "hooo" hata punda wa jirani wanasimama. Nilimfundisha pia kuzunguka duara akianza kupanda mori, maana farasi anayepinda hakimbii vizuri. Bosi nilimwambia wageni hawaendi shoti, anayetaka shoti aje kujifunza kwanza. Alinuna wiki nzima. Kashata bado ana haraka bamvua likikupwa na ufukwe kuwa mpana, huyo hatabadilika, ila anakwenda mdomo umetulia na mkanda unapokea kabari yangu yote.

Ngozi zenu pia zikagueni, hewa ya chumvi hii haina rafiki. Mkanda uliolowa jasho ukaanikwa juani unakuwa mgumu kama mbao, halafu tundu lile lile la jana leo linabana. Mimi nafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo kila siku, naanika kivulini, sabuni ya ngozi Jumapili. Masika ukungu unaota hata hivyo.

Dada, kabla ya kununua chochote, mwite daktari wa mifugo aangalie meno, halafu nitumie picha ya kichwa cha farasi kutoka pembeni na kutoka mbele, hatamu ikiwa imevaliwa. Nitakuambia matundu.

Jana nilivuka na pantoni nikiwa na mkanda wa farasi mpya, nikampelekea fundi viatu wangu. Kama kawaida akachukua msumari, akauweka upande ule aliozoea, wa kukazia. Nikamwambia hapana fundi, upande wa pili huu, matatu. Akageuza mkanda, akauangalia.

"Kanenepa?"

"Hajanenepa."

Akacheka, akatoboa.