Nilivyochagua vifaa vya hei kwa shamba la eka mbili

Shamba ni eka mbili za nyasi za Rhodes kwenye tambarare ya Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Ng'ombe wenyewe, watatu wa maziwa, wako juu kihambani, kwenye shamba la nyumbani la migomba, na wanafugwa bandani. Hei, yaani nyasi za kukausha kwa ajili ya mifugo, hukatwa mara mbili: mwishoni mwa masika, na tena Januari baada ya mvua za vuli. Wenye maeneo ya ukubwa huu wengi huanza kwa kuulizia mashine ya kukatia. Mimi nilianzia upande wa pili, kwenye kufunga na kuhifadhi, na hesabu ya upande huo ndiyo iliyoniamulia karibu kila kifaa.

Kila ng'ombe hupewa kilo 6 za hei kwa siku, mbali na migomba, pumba na majani mabichi yanayopatikana. Kwa ng'ombe watatu na siku 120 za ukame, kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba, zinatakiwa kilo 2,160. Robota, yaani mzigo wa hei uliobanwa kwenye sanduku la mbao kwa mkono na kufungwa kamba, lina kilo 20 hivi, kwa hiyo ni marobota 108. Ukijumlisha yanayoota ukungu na yanayomwagwa horini, weka 120. Eka moja iliyotiwa samadi ya kawaida hunipa marobota 60 hadi 70 kwa mkato. Mkato mmoja wa eka zote mbili unatosha, wa pili ni akiba.

Sasa kufunga. Watu wawili wenye sanduku moja hutumia dakika 7 kwa robota, yaani 8 kwa saa. Saa za kufunga ni chache: kabla ya saa tano asubuhi umande haujaisha, na kuanzia saa kumi jioni majani huanza kuvuta unyevu tena. Ukitoa muda wa kula na kupumzika zinabaki saa nne na nusu, marobota 36. Hiyo ni nusu eka. Basi nusu eka ndiyo ya kukata kwa mara moja, hata kama una mashine inayoweza kumaliza eka tatu kabla ya chakula cha mchana. Nyasi zilizokatwa hazingoji. Zikibaki shambani siku ya nne na ya tano jua linazichuja rangi, majani yanapukutika, na ng'ombe anaishia kupewa mashina.

Ndiyo maana sikununua kisu cha mbele cha pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), ingawa ni kifaa kizuri. Kisu cha mita moja kikienda mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ukitoa kugeuka na kukwama, kinamaliza nusu eka kwa saa moja na ushei. Kazi hiyo ikiisha, kinakaa hadi nusu eka inayofuata. Tena pawatila nyingi tulizo nazo huku zimetengenezwa kwa kulima na kuvuta tela, hazina mahali mbele pa kutolea nguvu ya kuendesha kisu. Ukitaka kukinunua, peleka pawatila yenyewe dukani wakifunge mbele ya macho yako. Kagua vipande vya pembetatu vya kisu: kila kimoja kilale bapa juu ya bamba la chini yake. Pakiwa na nafasi, nyasi hujikunja na kuingia katikati badala ya kukatika, kisu kinaziba kila hatua kumi. Kwa maoni yangu kifaa hiki kinaanza kulipa kuanzia eka nne au tano, na uwe na masanduku mawili au mashine ya kufungia.

Mashine ya kufungia inayovutwa na trekta niliiacha kwa sababu nyingine. Hata ile ndogo ya kuviringisha, inayotoa robota la mviringo la sentimita 60 kwa 70 hivi, inataka trekta lenye shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine inayovutwa, inayozunguka mara 540 kwa dakika. Kukodi kunawezekana, ila mwenye trekta huanza na mashamba makubwa. Hei iliyokauka Jumatano ikifungwa Jumamosi si hei ileile. Anayeamua kukodi apange tarehe kabla hajakata, apime upana wa geti, na avunje vichuguu mapema.

Nilichonunua kwa kukatia ni mashine ya bega ya petroli, cc 52, inayobebwa kwa mkanda wa mabega yote mawili. Nusu eka inachukua saa tatu na nusu hadi nne, na petroli lita 3 au 4. Kijitabu chake kinataka mchanganyiko wa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Ziko zinazotaka 50 kwa 1, mililita 20. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Petroli tupu hukwangua silinda muda mfupi tu, na oili ya gari huacha masizi kwenye plagi na eksozi mpaka mashine inakosa nguvu.

Kisu ndicho kinachoamua ubora wa hei, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mashine huja na uzi wa nailoni na kisu cha meno matatu. Uzi unazisaga nyasi vipande vifupi vinavyozama kwenye visiki, reki haivikusanyi tena. Kisu cha meno matatu kinafaa vichaka, kwenye nyasi kinachapa mara mbili mbili. Nunua diski ya meno 80 yenye kipenyo cha milimita 255, na hakikisha tundu lake la katikati, mara nyingi milimita 25.4, linalingana na ekseli ya mashine yako. Diski hukata shina mara moja likiwa refu. Juu yake funga kikinga cha nusu duara, kile kinachouzwa kwa ajili ya kuvunia mpunga. Mchomeleaji anaweza kukitengeneza kwa nondo nyembamba ya milimita 6, kimo cha sentimita 40. Bila kikinga nyasi zinatawanyika kila upande. Ukikiweka zinalala kwenye mstari mmoja.

Diski huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo piga ukitoka kulia kwenda kushoto, nyasi zilale kushoto kwako juu ya sehemu iliyokwisha kukatwa. Acha visiki vya sentimita 8 hadi 10. Ukikata chini zaidi unachota udongo, na Rhodes inachelewa kuchipua. Tena visiki hivyo huinua nyasi zilizolala, hewa ikapita chini yake. Wakati wa kukata ni mashuke yanapoanza kuchanua. Ukisubiri mbegu zikomae utapata marobota mengi zaidi yenye chakula kidogo. Kila baada ya saa nne noa meno kwa tupa, kung'uta chujio la hewa (vumbi la maua ya nyasi huliziba upesi kuliko unavyodhani), na kila saa kumi ongeza grisi kwenye giriboksi ya kichwa. Vaa miwani na buti, mtu yeyote asisogee ndani ya mita 15, na zima injini kabla ya kuondoa nyasi zilizojizungusha kwenye diski.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni reki. Fikiria nusu eka inayotoa kilo 700 za hei. Zikiwa mbichi zilikuwa karibu kilo 2,400, kwa sababu robo tatu ya nyasi mbichi ni maji. Maji yapatayo lita 1,700 yanatakiwa yaondoke kwa siku mbili au tatu, na kinachoyaondoa ni kugeuza. Reki ya chuma ya bustani haifai, inachimba na kuleta udongo. Fundi seremala alinichongea ya mti wa mgrevilea: kichwa cha sentimita 75, matundu 13, sentimita 6 toka tundu hadi tundu. Meno ni matawi ya mkahawa yaliyopogolewa, yakakaushwa kivulini mwezi mzima kabla ya kuchongwa, kila moja likitokeza sentimita 10 chini ya kichwa na ncha yake ikiwa mviringo. Mti wa mkahawa ni mgumu, jino moja linahimili misimu kadhaa. Mti mbichi ukitumika husinyaa na meno hudondoka shambani, kisha unalikuta jino ndani ya robota. Mpini uwe wa mita 1.8 au zaidi, umpate mgeuzaji akiwa amesimama wima. Wa mfupi unaumiza kiuno kabla ya saa sita.

Siku ya kukata, tandaza nyasi mara tu mashine inapomaliza. Geuza mchana na alasiri. Jioni zikusanye kwenye mistari ili umande ulowanishe juu tu, na asubuhi inayofuata zitandaze upya umande ukishaisha. Juni na Julai mawingu ya mlimani hukaa mpaka mchana, kukausha kunafika siku nne. Miezi hiyo kata robo eka, na uwe na turubai la kufunika mistari. Hei inayokaribia kukauka igeuzwe asubuhi mapema kidogo, ikiwa bado laini, maana saa nane mchana majani yake huvunjika yakiguswa.

Sanduku la kufungia lina vipimo vya ndani vya sentimita 85 urefu, 55 upana na 45 kimo, wazi juu na chini. Mbao za inchi moja zinatosha. Mwambie fundi apanue upande wa chini kwa sentimita 1 au 2 kuliko wa juu, vinginevyo sanduku halivuki robota lililobanwa na mtavutana nalo kutwa. Ndani papigwe randa na misumari ipinde kwa nje. Kwenye kingo za juu za mbao ndefu kata mikato miwili kila upande, sentimita 20 kutoka kila pembe, ya kushikia kamba. Kila robota linakula kamba mbili za mita 2.5, kwa hiyo rola la mita 500 ni marobota 100. Natumia katani: ikimponyoka mtu ikaingia horini haina madhara ya nailoni, ambayo hujisokota tumboni mwa ng'ombe.

Tandika kamba, jaza tabaka la sentimita 15, kanyaga ukianza na pembe nne kisha katikati, jaza tena. Wanaoanza na katikati hupata robota lenye pembe legevu linalofumuka kwenye toyo. Wakati wa kufunga mmoja asimame juu huku mwenzake akivuta kamba kupitia kitanzi.

Kabla ya yote pima ukavu. Songoa konzi ya hei: shina lipasuke, pasitoke unyevu. Kisha chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka hei iliyokatwakatwa na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika tatu. Chumvi ikishikana mabonge au kunata kwenye kioo, hei haijawa tayari. Inapofungwa isizidi unyevu wa asilimia 18 hivi. Zaidi ya 20 ukungu hauepukiki.

Marobota 120 yana ujazo wa mita za ujazo 25 hivi. Banda la mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7, linayatosha na nafasi ya hewa inabaki. Yaweke juu ya magogo, sentimita 15 kutoka ardhini, mbali na ukuta. Wiki mbili za kwanza choma nondo katikati ya rundo, iache dakika 15, kisha ishike. Ikiwa vuguvugu, panua nafasi kati ya marobota. Ikiwa ya moto isiyoshikika, au rundo linanukia kama tumbaku iliyoungua, usivute robota hata moja kabla ndoo za maji hazijafika, kwa sababu hewa ikiingia ghafla ndani ya rundo la namna hiyo moto unaweza kuwaka.