Likizo hii wanangu hawaendi tuisheni, wapo nyumbani wanacheza bao na babu yao

Tangu shule zifunge huu mwezi wa sita kila nikitoka nje nakutana na swali lile lile, mama nanihii watoto umewapeleka tuisheni ya wapi? Nikijibu hawaendi popote, wapo tu nyumbani wanacheza, mtu anashtuka kabisa, eti watasahau yote waliyofundishwa. Basi nimeona niandike kinachoendelea hapa kwetu Mbagala, maana mimi naamini kabisa wanajifunza, tena sana.

Mwenye mtoto wa darasa la saba simsemi, mtihani uko Septemba hiyo ni habari nyingine. Mie wangu mkubwa yupo la tatu, wa kati la kwanza, na kitinda mimba ana miaka mitatu.

Huyu mkubwa hesabu zilikuwa zinamliza jamani. Hasa za kutoa. Ukimwekea daftari mbele anaganda, macho yanamjaa machozi hata kabla hajasoma swali, na ukimuuliza kwa sauti ndo kabisa anataja namba yoyote ili mradi umuache. Sasa baba mkwe wangu kaja kututembelea kutoka Rufiji, na kwenye mzigo wake pamoja na samaki wa kukausha na viazi vitamu kaja na kimfuko cha kete za komwe. Ubao hakubeba, mzito. Siku ya pili yake asubuhi nakuta kachimba mashimo uani chini ya mwembe, mistari minne, kila mstari mashimo manane, na wajukuu wamemzunguka.

Wasiojua bao la kiswahili ni hivi, mashimo yapo 32 na kete 64, kila mtu ana zake 32. Mnapoanza hamzimwagi zote, unaweka sita kwenye nyumba, yaani lile shimo lako kuu la mstari wa mbele, mbili shimo linalofuata, mbili tena linalofuata, zinazobaki 22 unashika mkononi na kila zamu yako unanamua moja, unaiingiza mchezoni. Ukila za mwenzio unazisambaza moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaokota unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu inabidi uone kwa macho ya mwisho itaangukia wapi, na babu mtu hataki kabisa kumuona mtoto anahesabu kwa kugusagusa mashimo kwa kidole. "Tazama kwanza, mjukuu wangu. Kichwa kitangulie, mkono ufuate."

Nilikuwa nakatakata mchicha pale kibarazani nikamsikia anamuuliza katikati ya mchezo, umeshanamua ngapi?

"Saba, babu."

"Basi mkononi umebakiwa na ngapi?"

Mtoto akatazama juu kidogo, midomo inacheza, ngumi kaifumba asichungulie. "Kumi na tano."

"Fungua tuzihesabu."

Zikahesabiwa, kumi na tano kweli! Yaani kisu nilikiweka chini. Ile ile 22 toa 7 ambayo kwenye daftari ingetuchukua jioni nzima na kilio juu, hapa imejibiwa na mtu anawahi zamu yake. Na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya hesabu. Siku hizi hata haulizwi anajitajia mwenyewe, "babu nimebakiwa na tisa we umebakiwa na nane," na babu akikosea shimo anapigiwa kelele mpaka jirani anasikia, "umelalaa babu, umelala!" Yule mzee anacheka mpaka kofia inadondoka.

Mimi nadhani siri ipo hapo kwenye kutoogopa. Babu hana kalamu nyekundu. Mtoto akikosea hesabu ya bao kinachompata ni kwamba kete zake zinaliwa, inamuuma hapo hapo na anajua mwenyewe kwa nini, halafu mchezo unaendelea. Hakuna wa kumcheka wala wa kumlinganisha na fulani aliyepata mia kwa mia.

Wa kati yeye yupo kwenye kusoma, na kitabu chake kikubwa likizo hii ni kamba ya kuanikia nguo. Khanga! Nikianika tu anakuja, maandishi ya khanga ni makubwa na yanasomeka kwa mbali, anaweka kidole hewani anafuata, HA-SI-DI, HA-NA, SA-BA-BU. Akimaliza anarudia kwa haraka mpaka sentensi inakaa, halafu maswali, mama hasidi ni nani, mbona hana sababu, na we khanga hii ulimnunulia nani? Nimemjibu ni mtu anayemchukia mwenzie bure tu, hilo la nilimnunulia nani nimemwambia ilikuwa zawadi kutoka kwa shangazi yake, na ni kweli. Sasa akija mgeni kajifunga khanga anageuzwa geuzwa kwanza asomwe ndo akaribishwe kukaa.

Na luku nimewakabidhi wao. Nikinunua umeme meseji inakuja na zile namba 20, mkubwa anasoma nne nne, mdogo anabonyeza kwenye mita huku kasimama juu ya kistuli, na wakikosea moja mita inakataa wanaanza upya wanalaumiana, nani kasema sita mi nimesema tisa. Siingilii kabisa. Taa ikiwaka wanashangilia utadhani Simba kafunga goli.

Jioni jua likipungua watoto wa nyumba za jirani wanakuja na hapo bao linawekwa pembeni, ni rede na kombolela mpaka magharibi, vumbi tupu. Wasichana wakubwa wamewafundisha mdako, na kitinda mimba wangu hawezi bado kurusha na kudaka ila kazi yake ni kulinda kokoto na anazihesabu moja, mbili, tatu, saba, kumi. Mwache tu, atafika.

TV sijaizima jamani msinielewe vibaya, katuni wanaangalia hasa mchana jua likiwa kali, na kuna siku wanagombana kuanzia asubuhi mpaka natamani shule zifunguliwe kesho yake. Lakini hiyo hela ya tuisheni ya wawili imeenda kwenye maziwa na matunda, na jioni tunakaa wote uani badala ya mimi kuanza kuuliza nani kamaliza homuweki.

Babu anarudi Rufiji mwisho wa mwezi, shamba linamsubiri. Kete ameshasema anawaachia. Nimeongea na fundi seremala wa hapa mtaani atuchongee ubao wa kueleweka maana mvua ikija yale mashimo ya chini ya mwembe yatajaa maji, amesema nimletee vipimo, na vipimo wamechukua watoto wenyewe kwa rula ya shule, mkubwa anapima mdogo anaandika. Kesho navipeleka.